Mdogo Ndiye Huulizwa Kwanza

Wateja wangu wote wana swali moja. Mtu akishakaa kwenye kiti, nikishamfunga taulo shingoni, huanza kuzungusha macho ukutani mpaka yafike kwenye picha ya binti wa dada yangu. Kavaa ovaroli jeupe, kofia nyeupe, barakoa na glavu, kinachoonekana ni macho tu. Hapo ndipo linapokuja swali: "Huyu ndiye yule wa shirika la anga? Anakwenda lini mwezini?"

Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nawajibu, "Haendi popote. Vinavyokwenda ndivyo vinavyomngoja yeye." Kisha navuta nywele kidogo, apate la kufikiria.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba kimoja chenye viti vitatu, draya mbili ambazo moja ni pambo, na sinki linalovuja hata ukilitazama tu. Majirani wanasema nina mdomo. Ninao, sikuuazima kwa mtu. Na kwa kuwa habari za mtoto huyu zinasimuliwa huku na huko na watu wasiojua hata mlango wa kazini kwake, nimeona bora nizisimulie mimi niliyemshika kichwa kila wiki.

Mama yake ni dada yangu mkubwa, muuguzi, mtu wa zamu zisizo na kichwa wala miguu. Kwa hiyo mtoto alikulia hapa hapa saluni, chini ya meza ya vipodozi, akipanga vibanio kwa rangi. Jina lake kamili wanalijua mama yake na wenye vyeti. Sisi tulimwita Bado. Ukimuuliza, "Umemaliza kula?" "Bado." "Umeoga?" "Bado." "Hesabu umemaliza?" "Bado, mama mdogo, ya mwisho imenipa jibu lakini sijaelewa kwa nini." Mtoto ana jibu mkononi na bado anasema bado. Watu wakamdhania mzito. Hakuwa mzito hata kidogo. Alikuwa tu hawezi kutamka kwamba kitu kimekwisha wakati moyoni mwake hakijakwisha.

Na alinitia hasara ya jasho, huyo. Siku moja nina mteja anayewahi harusi, gari linapiga honi nje, mgongo unaniuma, nimeshamwambia, "Basi dada, umependeza." Sauti ndogo ikatoka nyuma yangu: "Mama mdogo, bado. Mstari wa nyuma ya sikio umepinda." Mteja akajipapasa. Akaupata. Nikafumua na kusuka upya honi ikilia, na nilimtazama yule mtoto kwa jicho ambalo lingeweza kukausha nguo. Yeye alikuwa ameridhika, anakula muwa.

Alipofaulu kwenda chuo kikuu akasema anataka kusoma fizikia. Tukakaa kikao cha ukoo. Kwetu sisi kikao kina utaratibu wake: mkubwa ndiye huanza. Anayefuata kwa umri hukazia alichosema mkubwa, na anayemfuata hukazia ukazo, na likimfikia mdogo maneno yamekwisha, kazi yake ni kuitikia. Mkubwa wetu ni kaka yangu, mjomba wake Bado, msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi, mtu mwema ila hajui kungoja. Chai yake huinywa ikiwa moto ndiyo maana ulimi wake hauna ladha. Akaanza: "Fizikia utaila na nini? Soma uhasibu." Dada akakohoa. Mimi nikasema uhasibu ni mzuri lakini mtoto ameshachagua. Ndipo akaulizwa mwenyewe. Akasema, "Fizikia, mjomba." Kaka akaangalia saa yake, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaondoka. Hakumkataza. Alimwachia lile guu kama deni.

Akasoma, akamaliza vizuri, akarudi na joho na picha. Kisha akakaa saluni kwangu miaka miwili.

Nataka mtu aielewe hiyo miaka miwili. Asubuhi anafagia nywele, mchana anasuka, katikati anaandika maombi ya kazi kwenye simu iliyopasuka kioo. Wateja wakawa washauri. "Si akafundishe?" Kufundisha ni kazi ya heshima kwa anayeitaka, na jioni alikuwa akiwaelekeza watoto wa wateja pale pale kwenye benchi, wakaacha kuogopa hesabu. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye shirika la anga. Nikimsikia akisema hivyo mbele ya watu nilikuwa natamani kumfunika na taulo. Msichana wa ufagio, shirika la anga.

Siku moja nikamuuliza bila mzaha, "Mwanangu, hivi huko utafanya nini? Utapanda roketi wewe, na basi tu linakutapisha?"

Akacheka. Alikuwa anasuka, mimi nimeshika rasta. "Mama mdogo, hospitali ina madaktari peke yao?"

"Thubutu. Muulize mama yako nani anaiendesha."

"Basi na huko ni hivyo hivyo. Anayepanda roketi ni mmoja kati ya maelfu, na mashirika mengine hayana hata huyo mmoja. Kuna anayepiga hesabu ya njia itakayopita setilaiti. Kuna anayekaa kwenye dishi kubwa kupokea inachosema. Kuna anayesoma picha zake awaambie wakulima mvua imejaza wapi na wapi kumekauka. Na kuna wanaoijaribu kabla haijaondoka, kwa sababu ikishafika juu hakuna fundi wa kuifuata. Mtu wa fizikia anaweza kuingia mlango wowote kati ya hiyo. Tatizo milango yenyewe myembamba, na waliosimama nje ni wengi."

Tangu siku hiyo sikutamani tena kumfunika na taulo. Mteja akicheka nilikuwa namwambia, "Cheka taratibu, kichwa kinatikisika."

Mlango ukafunguka kidogo. Akaitwa kwenye usaili. Wakamuuliza maswali ya vitabuni, akajibu. Wakamuuliza, "Tangu umalize chuo umekuwa ukifanya nini?" Wenzake walikuwa na majibu ya suti. Yeye akasema, "Nasuka nywele." Wazee wa usaili wakatazamana. Mmoja wao, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba, akamwekea mezani koleo ndogo na fungu la nyaya nyembamba kama unywele, akamwambia azipange kwenye tundu zake. Jamani, mtoto aliyesuka vichwa vya watu miaka yote hiyo, vichwa vinavyogeuka kila simu ikilia! Nyaya hazigeuki. Akazipanga zote, kisha yule mama akamuuliza, "Umemaliza?" Akasema, "Bado, naomba nizihakiki mara moja." Akapata kazi.

Ila ilikuwa kazi ya majaribio. Mkataba wa mwaka mmoja, mwaka ukiisha ama wanamthibitisha ama wanampa mkono wa kwaheri. Kaka yangu aliposikia akasema, "Vizuri. Nafasi ya karani pale ghalani nimemwekea, mwaka si kitu, unakwisha." Alisema kwa wema, ndiyo ilivyouma zaidi. Mtoto alitabasamu, lakini nilikuwa nimemshika kichwa, na nilihisi shingo yake ikikaza.

Jumamosi ya kwanza baada ya kuanza kazi akaja na masharti. Eti nimsuke bila mafuta. Bila dawa, bila jeli, bila marashi, bila rasta, bila kitu kinachong'aa.

"Bila mafuta?" nikamuuliza. "Wewe unakwenda kazini au jela?"

Akanieleza. Mahali anapofanyia kazi panaitwa chumba safi. Kabla hujaingia unavaa lile ovaroli jeupe, unafunika nywele, mdomo na viatu. Unapulizwa hewa mlangoni. Ndani kuna pipa la chuma kubwa kama chumba changu hiki, na setilaiti huwekwa humo, hewa ikanyonywa yote, kisha hupashwa moto na kugandishwa, moto na baridi, kama itakavyokuwa huko juu. Mahali pasipo na hewa kila chenye mafuta hutoa mvuke, na ule mvuke hutafuta pa kutua. Ukitua kwenye jicho la kamera ya setilaiti, basi, umetuma kipofu angani.

"Kwa hiyo mafuta yangu yatapofua setilaiti," nikasema.

"Mafuta yako ni mazuri sana, mama mdogo. Ndiyo shida yenyewe."

Nikamsuka twende kilioni, mistari ya moja kwa moja isiyo na mbwembwe, kavu. Ilinichoma, nakiri, maana kichwa cha msichana wangu ndilo tangazo la biashara yangu. Lakini mistari ile niliinyoosha kuliko yote niliyowahi kusuka.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya kulinda vioo. Pembeni mwa setilaiti, ndani ya lile pipa, huwekwa kijipande cha kioo kilichosafishwa mno, kimeshikwa na kibanio. Wanakiita kioo shahidi. Kama kuna kitu chochote kimetoa mvuke, kioo kitaupokea na kitasema. Bado ndiye aliyekisafisha, ndiye aliyekiweka, ndiye aliyekitoa na kukitazama chini ya taa. Kazi ya wadogo, alisema. Mimi nilisikia "shahidi" nikaona ni cheo.

Setilaiti waliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, ungeweza kuiweka juu ya meza ya jikoni, lakini wale watu wote roho zao zilikuwa juu yake. Ilikuwa ipige picha za mashamba na mito. Roketi haikuwa yao. Walikata nafasi kwenye roketi ya wengine, na roketi haimpigii mtu honi. Ukichelewa unaachwa, na nafasi nyingine hujui utaipata lini.

Mkataba wa Bado ulikuwa umebaki wiki chache. Jaribio la mwisho likamalizika, wote wakaitwa mezani.

Sasa hapa ndipo ilipo desturi yao ambayo mpaka leo sijaizoea. Kabla setilaiti haijatoka mlangoni, wote walioigusa hukaa meza moja, na mkuu wa majaribio, yule yule mama wa miwani ya kamba, huuliza mmoja mmoja: "Tayari?" Neno moja hilo. Akipatikana hata mmoja wa kusema bado, setilaiti haitoki. Na huanza na mdogo kabisa. Bado aliponieleza niliacha chanuo hewani. Mdogo kwanza? Akasema, "Mkubwa akianza, mdogo atasema nini, mama mdogo? Ataitikia tu." Nikafikiria vikao vyetu, nikaendelea kuchana.

Mdogo kabisa pale mezani alikuwa yeye. Nje lori lilishafika, la kuipeleka setilaiti uwanja wa ndege. Mkuu akamgeukia.

"Kioo shahidi. Tayari?"

Akasema, "Bado."

Anasema alisikia kiti kimoja kikilia. Fundi mkuu wa kamera, baba mzima mwenye ndevu, akasema kioo kilishapimwa, ukungu uliopo ni mdogo, uko ndani ya kiwango.

"Ni kweli, uko ndani ya kiwango," akasema Bado. "Lakini majaribio yote ya nyuma kioo kilikuwa kitupu. Leo kina kitu, na mimi sijui kimetoka wapi."

"Una wasiwasi na sehemu gani ya setilaiti?" mkuu akauliza.

"Sijui."

"Unashuku nini?"

"Sijui, mama. Kwa kuwa sijui, siwezi kusema tayari."

Basi. Lori likarudi tupu. Zilibaki siku chache za akiba, wakazitumia zote kutafuta. Wakaikagua setilaiti waya kwa waya, gundi kwa gundi. Watu hawakulala vizuri, na wengine hawakumsalimu. Yule wa ndevu alimpita kwenye korido kama anapita nguzo. Nilitaka kwenda kumsubiri getini kwao na draya yangu ile mbovu, ipate kazi. Dada yangu akanizuia. Akasema, "Mwache mwanao. Alichosema amekisema yeye."

Jumamosi akaja kusukwa. Alikaa, nikasuka nusu ya kichwa. Mimi kunyamaza siwezi. Nikamuuliza, "Wamepata?"

"Nimepata mimi," akasema. "Setilaiti ni safi, mama mdogo. Haina hata tone. Kosa ni langu."

Alikuwa amechukua kioo na kibanio chake, akaviweka kwenye pipa dogo la majaribio peke yake, setilaiti haimo. Akapasha moto. Ukungu ukaja vile vile. Kwa hiyo haukutoka kwenye setilaiti, ulitoka kwenye kibanio. Kibanio alikifuta yeye. Akaenda kutazama vile vitambaa maalumu alivyofutia, na hapo akakumbuka. Mifuko yao ya kuhifadhia vitambaa ilikuwa imekwisha, mipya haijaletwa. Vitambaa vikawa vinataka kutupwa. Yeye kalelewa hapa, na kwangu hakitupwi kitu. Akavitia kwenye vimfuko vya plastiki vipya, visafi, vya kufunga kwa kubana.

"Vimfuko gani?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole rafuni. Vimfuko vyangu vya kuwekea vibanio.

Nikavitazama. Vinang'aa, mtu anaweza kunywea maji. Akanieleza kwamba plastiki laini ina mafuta ndani yake, ndiyo yanayoilainisha, na polepole huhamia kwenye kitambaa. Huyaoni. Lakini kioo kiliyaona. Mtoto aliyekataa mafuta yangu kichwani, aliyekwenda kazini na mistari mikavu mwaka mzima, akayapeleka mwenyewe ndani ya kimfuko. Kama si kulia tungecheka.

"Nani mwingine anajua?" nikamuuliza.

"Hakuna."

Wakati huo kaka yangu alikuwa ameingia, amekaa kwenye kiti cha pili, maana Jumamosi hupita kunywa chai. Alikuwa amesikia yote. Akaweka kikombe chini. Akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "Mwanangu, setilaiti si nzima? Basi. Kesho kutwa sema umeridhika. Wakiuliza ukungu, chanzo hakikujulikana. Umebakiza siku ngapi kwenye mkataba? Umeshawasimamishia lori. Ukienda kusema kwamba uliwasimamishia kwa kimfuko cha vibanio, wewe mwenyewe utaniletea maombi ya ukarani."

Sikumjibu. Jambo la nadra. Si kwamba nilikuwa sina la kusema, nilikuwa nalo, nalo lilikuwa lile lile la kaka yangu. Miaka miwili ya ufagio niliiona mimi. Nikamshika mtoto kichwa, nikasubiri.

"Mjomba," akasema, "nikiwaambia hakijulikani wataendelea kukitafuta. Na siku nyingine mtu mwingine atakosa mifuko, kama nilivyokosa mimi, akaweka vitambaa kwenye kimfuko kizuri. Siku hiyo huenda ikawa ni kitambaa cha kufutia kamera."

"Na wewe siku hiyo hutakuwepo, utakuwa ghalani."

"Huenda." Kisha akanigeukia. "Mama mdogo, umemaliza?"

Nilikuwa sijamaliza. Nikamwambia, "Bado," nikainama kwenye ule mstari wa nyuma ya sikio, nikaunyoosha. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

Jumatatu wakakaa tena mezani. Lori nje tena, na safari hii hakukuwa na siku ya akiba hata moja. Kabla mkuu hajauliza, Bado akaomba asimame. Akakiweka mezani kimfuko changu. Akawaeleza moja kwa moja, mwanzo mpaka mwisho, bila kusema mifuko ilichelewa kuletwa na nani. Akasema, "Kosa ni langu. Setilaiti ni safi."

Fundi wa ndevu akakichukua kile kimfuko, akakigeuza geuza, akaguna. Halafu akasema yeye ofisini kwake anavyo kama hivyo, ameweka skrubu. Akatoka mbio kwenda kuzitazama, akarudi akasema ni za akiba, hakuna hata moja iliyotumika. Watu wengine wawili wakatazama chini.

Mkuu akavaa miwani. "Hili ni kosa, na utapewa onyo la maandishi."

"Ndiyo, mama."

"Tuanze sasa. Kioo shahidi. Tayari?"

"Tayari."

Akazunguka meza nzima. Tayari, tayari, tayari, mpaka ikamfikia yeye mwenyewe, wa mwisho. Lori likaondoka na mzigo.

Onyo akapewa kweli, alasiri ile ile. Alipokwisha kulitia sahihi, mkuu akampa karatasi ya pili, akasema, "Na hii pia." Ilikuwa ya kuthibitishwa kazini. Bado anasema aliisoma mara mbili akidhani wamekosea mtu. Akauliza, "Mama, zote mbili ni zangu?"

"Zote ni zako. Watu wa kuniambia tayari ninao wengi sana," mkuu akasema. "Utaandika utaratibu mpya wa mifuko, uwasomee wenzako wote. Mimi nikiwemo."

Kwa hiyo mkinisikia najivuna, mjue ninachojivunia. Watu wanadhani ni shirika, ni lile ovaroli, ni roketi. Ovaroli hata dada yangu analo la kazini. Mimi najivunia kwamba mtoto wetu alisimama mbele ya wakubwa mara mbili: mara ya kwanza kusema sijui, mara ya pili kusema ni mimi. Kuna watu wamezeeka na hawajasema hata moja ya hayo. Mimi mmojawapo.

Picha ya kwanza ya setilaiti ilipofika tukakutana kwa dada kula chakula cha mchana. Bado akaja nayo kwenye simu, ile mpya. Mto umejikunja, mashamba pembeni kama viraka, kila mpaka umekaa wazi. Kaka yangu akaivuta kwa vidole, akaikuza, akaikuza.

"Ghala langu liko wapi?"

"Halionekani, mjomba. Si ya kuchungulia watu."

"Sasa ina kazi gani?" akasema, lakini simu hakuirudisha.

Tulipokwisha kunawa akasafisha koo. Akakaa sawa kwenye kiti, tukajua kikao kimefunguliwa. Akaanza kama kawaida yake: mtoto amesoma, kazi amepata, amethibitishwa, tumshukuru Mungu, sasa amemaliza, ni wakati wa kutulia, na yeye kama mkubwa alikuwa amefikiria kwamba—

"Kaka," nikasema, "leo anaanza mdogo."

Dada yangu akaacha kukusanya sahani. Kwa kaka yangu maneno kama hayo hayajawahi kusemwa, hata baba alipokuwa hai. Nilijiandaa kugombana, na mnajua kwa hilo sihitaji maandalizi mengi. Akanitazama mimi, kisha akatazama simu ambayo bado ilikuwa mkononi mwake, na ule mto. Akamgeukia mtoto.

"Haya," akasema. "Umemaliza?"

"Bado, mjomba," akasema. "Nataka kurudi kusoma. Wanaopokea picha zile wanahitaji mtu wa kujua kosa la kamera ni lipi na ukungu wa kweli ni upi. Ni miaka kadhaa tena."

Kaka yangu, mtu anayekunywa chai ya moto, akamwekea simu mezani mbele yake, taratibu.

"Basi tutangoja," akasema.